Egloffstein: kazi ya kuuweka mlima juu ya karatasi bapa

Mapema mwaka 1854, Luteni Edward Beckwith wa kikosi cha mizinga cha jeshi la Marekani alikuwa Salt Lake City, mikononi ana kazi aliyoachiwa na marehemu. Mkuu wake, Kapteni John Gunnison, alikuwa ameuawa na Wapahvant, kundi la wenyeji wa Utah, kando ya Mto Sevier alfajiri ya Oktoba 26, 1853, pamoja na wenzake saba. Miongoni mwa hao saba alikuwamo Richard Kern, mchoraji na mpimaji wa msafara. Daftari na vyombo vilipatikana baadaye. Aliyekuwa akivitumia hakuwapo tena.

Kazi yenyewe haikuwa ya kungoja. Machi 1853 Bunge la Marekani lilikuwa limetenga dola 150,000 ili jeshi litafute njia ya reli hadi Bahari ya Pasifiki, na Waziri wa Vita, Jefferson Davis, alikuwa ametuma misafara kwenye njia kadhaa kwa wakati mmoja. Beckwith alikuwa na askari, nyumbu na barometa. Alichokosa ni mtu wa kupanda kilele, kutazama nchi nzima, na kushuka na karatasi ambayo mhandisi wa Washington angeweza kuiamini bila kufika huko.

Mtu huyo aliingia mjini akiwa ndiyo kwanza amenusurika na njaa. Aliitwa Frederick W. von Egloffstein, baroni wa Bavaria aliyezaliwa mwaka 1824, aliyewahi kutumikia jeshi la Prussia kabla ya kuvuka Atlantiki na kufanya kazi ya upimaji St. Louis. Wengi wanaomkumbuka leo humkumbuka kwa picha zake mbili tatu za Grand Canyon, korongo kuu la Mto Colorado, na humkumbuka kwa kumlaumu, kwa sababu picha hizo hazifanani na mahali penyewe. Lawama ni ya haki, ila imeangukia sehemu ndogo na dhaifu ya kazi yake. Egloffstein alikuwa mtu wa pembe na vipimo. Palipokuwa na pembe ya kupima, mkono wake ulisema kweli. Palipokosekana, alichora alichokihisi. Ukilishika hilo, kazi yake yote inasomeka, kuanzia milima ya Nevada hadi vioo alivyochora mistari huko Philadelphia.

Majira ya baridi na Frémont

Kwanza ile njaa. Mwaka 1853 John C. Frémont, ambaye tayari alikuwa mpelelezi wa nchi zisizo na ramani mwenye jina kubwa kuliko wote nchini mwake, alianzisha msafara wa tano kwa gharama zisizo za serikali. Alivuka milima ya Rocky katikati ya majira ya baridi kwa makusudi: alitaka kuthibitisha kwamba treni inaweza kupita huko hata theluji ikiwa imetanda. Egloffstein alikuwa mpimaji wake, Oliver Fuller alikuwa msaidizi, na Solomon Nunes Carvalho alibeba vifaa vya kupiga picha za dagerotaipu, yaani picha za kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha.

Walipita Cochetopa Pass, njia ya kuvuka milima hiyo, mwezi Desemba. Baada ya hapo chakula kilikwisha, na kila mnyama aliyeanguka alichinjwa akaliwa. Kila mnyama aliyeliwa alipunguza idadi ya migongo ya kubebea mizigo, kwa hiyo ikabidi vifaa vifukiwe njiani. Mizigo ikitupwa, cha kwanza kuachwa ni kile kisicholiwa wala kuvaliwa. Fuller alitembea hadi miguu ikaganda, akafariki wakiwa karibu kabisa na Parowan, kijiji cha Wamormoni kusini mwa Utah, walikofika Februari 8, 1854. Wenyeji wa Parowan waliwachukua majumbani mwao, wakawalisha na kuwauguza. Frémont alipopata nguvu aliendelea kuelekea California. Egloffstein na Carvalho hawakumfuata, wakaenda kaskazini hadi Salt Lake City.

Frémont hakuchapisha ripoti kamili ya safari hiyo, na kwa sababu hiyo kazi ya Egloffstein ya majira yale haijulikani sana. Ni hasara kubwa, ingawa ndiyo iliyomfikisha mbele ya Beckwith.

Kilele kimoja, siku moja ya kazi

Hebu tutazame kazi yenyewe, kwa sababu vitabu huitaja kwa neno moja tu, "alichora", kisha vikaendelea na habari za vita na njaa.

Msafara wa upimaji wa wakati ule ulikuwa na vyombo vichache. Seksitanti ilipima kimo cha jua au nyota, na hapo latitudo ikapatikana vizuri. Longitudo ilikuwa ngumu. Ilitegemea kronometa, saa yenye kuaminika sana iliyobebwa ikiwa imefungwa dhidi ya mtikisiko. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, maana yake kosa la sekunde 4 ni dakika moja ya longitudo, yaani sehemu ya 60 ya uzi mmoja. Kwenye latitudo ya 40, hiyo ni kilomita 1.4 hivi. Kronometa ikikosea dakika nzima ya saa, kambi yako inahama kilomita 21 kwenye ramani. Na nyumbu hana habari kwamba amebeba saa. Akiteleza mteremkoni, longitudo nayo inateleza.

Kimo cha ardhi kilipimwa kwa barometa ya zebaki. Usawa wa bahari safu ya zebaki husimama kwenye milimita 760, na kwenye mita 1,500 inashuka hadi karibu 634. Kwenye vimo hivyo, kosa la milimita moja ni kosa la mita 12 hivi. Tatizo la kwanza ni mrija wa kioo: ni mrefu na zebaki ni nzito, kwa hiyo zebaki ikicheza ndani hugonga ncha ya juu na kuivunja. Ndiyo maana barometa ya mlimani ilibebwa kichwa chini, zebaki ikiwa imejaa mrija wote bila nafasi ya kucheza, na mirija ya akiba ikafungashwa kando. Tatizo la pili ni kwamba barometa hupima hewa, haipimi mlima. Dhoruba ikikaribia, zebaki inaweza kushuka milimita 10 ukiwa umeketi palepale, na mlima wako "ukakua" mita 120 bila sababu. Dawa yake ilikuwa kuwa na barometa mbili, moja kambini na nyingine kileleni, zisomwe saa ileile, halafu tofauti yao ndiyo ihesabiwe.

Kwa mchoraji, chombo kikuu kilikuwa dira. Katika Great Basin, nchi kame kati ya Salt Lake City na milima ya Sierra Nevada, miaka ya 1850, sindano ya dira ilielekea mashariki ya kaskazini halisi kwa nyuzi 15 hadi 17. Mpimaji aliyesahau kurekebisha nyuzi 16 alikiweka kilele kilichoko kilomita 10 mbali karibu kilomita 3 nje ya mahali pake. Mpimaji wa kweli hakusahau hilo. Kilichomtesa ni jambo jingine: pembe nyembamba.

Ili kilele cha mbali kipate mahali kwenye ramani, unakipima kutoka vituo viwili na kuacha mistari miwili ikatane. Tuseme vituo vyako viko umbali wa kilomita 12 na kilele kiko kilomita 60 mbele. Mistari hiyo inakutana kwa pembe ya nyuzi 11 tu, ikipishana kwa mshazari mrefu badala ya kukatana wazi. Kosa la uzi mmoja kwenye dira ya mkononi, ambalo ni la kawaida kabisa upepo ukivuma, linasogeza kilele kwa zaidi ya kilomita 5, kikaja karibu au kikaenda mbali. Kinachokuokoa ni kituo cha tatu, upande mwingine wa bonde, siku mbili baadaye. Lakini kufikia siku hiyo ni lazima uwe na hakika kwamba kilele unachokiona sasa ndicho kilekile. Mlima ukitazamwa kutoka ubavuni haufanani na ulivyokuwa ukitazamwa kutoka mbele.

Hapo ndipo mchoro mpana, yaani panorama, unapofanya kazi ambayo namba haziwezi. Njia inayofaa ni kugawa karatasi ndefu kwa safu za upana sawa, kila safu ikisimama badala ya idadi fulani ya nyuzi. Kwanza unaweka vilele vikuu, kila kimoja kwenye safu yake kulingana na dira. Kisha unaunganisha mstari wa upeo kati ya vilele kwa jicho, halafu safu za milima ya mbele, mabonde, na mwisho kabisa miti na mawe ya karibu. Ukianza na miti ya karibu, kama mchoraji wa mandhari anavyopenda, utafika ukingoni mwa karatasi na kugundua kwamba nyuzi 90 za nchi zimebanwa kwenye nafasi ya 70. Mchoro ukikamilika unakuwa na sura ya kila mlima pamoja na upande uliko, hivyo kituo cha pili kikikuonyesha mlima kwa sura nyingine unaweza kubishana na karatasi badala ya kumbukumbu yako.

Egloffstein alikuwa bingwa wa hili. Panorama zake za mwaka 1854, zilizochapishwa katika juzuu ya 11 ya ripoti za reli ya Pasifiki, ni ndefu na nyembamba, na karibu hazina mapambo. Hakuna kulungu anayekunywa maji, wala mti mkubwa uliowekwa pembeni ili kuipa picha fremu. Kuna safu ya milima, tambarare, safu nyingine, tambarare nyingine, na kila pengo linaonekana. Kwa nchi ile hilo ndilo swali lenyewe. Milima ya Great Basin imepangwa kaskazini hadi kusini, safu baada ya safu, na reli ilitaka kwenda mashariki hadi magharibi. Mhandisi hakuhitaji kujua kama mlima ni mzuri. Alihitaji kujua una mlango wapi.

Msafara uliondoka Salt Lake City mwezi Mei 1854, ukafuata eneo la latitudo ya 41, ukavuka milima ya Humboldt na kuingia California kaskazini katika majira ya kiangazi. Waliipima Madeline Pass na Nobles Pass, njia mbili za kuvuka milima kuelekea bonde la Sacramento. Ramani za njia hiyo ni za Egloffstein. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini hayakupewa uzito uliostahili: Beckwith alikuwa mtu wa mizinga, si mhandisi wa ujenzi, na ripoti yake haikuwa na makadirio ya gharama. Mezani kwa waziri, njia isiyo na bei ni vigumu kushindana na njia zenye bei. Reli iliyokamilika mwaka 1869 ilitumia bonde la Mto Humboldt, ila ilivuka Sierra Nevada kusini zaidi, kwenye Donner Pass.

Stima ya vipande na ngazi iliyovunjika

Mwaka 1857 Luteni Joseph Christmas Ives alitumwa kujua stima inaweza kupanda Mto Colorado hadi wapi. Alimchukua Egloffstein kama mpimaji, John Strong Newberry kama daktari na mwanajiolojia, na Balduin Möllhausen, Mprussia, kama mchoraji. Stima yao, Explorer, ilikuwa ya chuma, urefu futi 54, iliyoundwa Philadelphia, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kupitia Panama hadi San Francisco, kisha kwa jahazi hadi mdomo wa mto, ambako iliunganishwa upya matopeni. Boila lilikuwa zito mno kwa bodi nyembamba kama ile, ikabidi ifungiwe magogo ya kuikaza kwa nje, chini kabisa. Magogo hayo ndiyo yaliyokuwa yakikwama kila walipofika kwenye fungu la mchanga, na Mto Colorado ulijaa mafungu ya mchanga. Juu ya hayo, George Alonzo Johnson, mfanyabiashara wa stima aliyeujua mto ule, alishawatangulia na stima yake General Jesup.

Machi 1858, kwenye mdomo wa Black Canyon, Explorer iligonga mwamba uliojificha chini ya maji. Boila lilihama mahali pake na bomba la mvuke likapinda. Ives akaendelea na mashua ndogo akiwa na watu wawili tu, wengine wakabaki nyuma. Upelelezi wa stima ukaishia hapo, na uliobaki ukawa wa nyumbu.

Wakaelekea mashariki juu ya uwanda, wakiongozwa na Ireteba, Mmohave, pamoja na Wahualapai waliowapata njiani. Aprili 3, 1858 waliteremka kwa kufuata Diamond Creek hadi kwenye Mto Colorado. Ndio wazungu wa kwanza wanaojulikana kufika sakafuni mwa Grand Canyon, ambayo wao waliiita Big Cañon. Wahualapai, bila shaka, walikuwa nyumbani.

Siku chache baadaye walijaribu kushuka kwenye korongo la kijito cha Havasu, wanakoishi Wahavasupai. Njia ilizidi kuwa nyembamba kando ya genge, hadi nyumbu wakaachwa. Mwishoni kulikuwa na ukuta wima wenye ngazi ya mbao ya wenyeji. Egloffstein akaijaribu. Ngazi ikavunjika chini yake, naye akajikuta chini, mzima wa mwili, wenzake wakiwa juu bila namna ya kumfikia. Alichofanya kinamweleza mtu huyu kuliko cheo chake: akaenda kufanya kazi. Alifuata kijito, akafika kwa Wahavasupai, akatazama mashamba na makazi yao, kisha akarudi chini ya ukuta. Askari wakafungua mikanda ya bunduki zao, wakaiunga fundo kwa fundo mpaka ikapatikana kamba ya kutosha, wakamvuta juu. Ikumbukwe kwamba mikanda hiyo ilikatwa kwa ajili ya kubeba bunduki begani. Kuiweka chini ya uzito wa mtu mzima juu ya ukuta wa mwamba ni uamuzi wa watu wasio na la pili. Yale msafara uliyoyajua kuhusu sehemu ya chini ya korongo lile, kwa kiasi kikubwa, ni aliyoyaona yeye.

Kwa nini picha ya korongo inadanganya

Sasa tufike kwenye lawama. Katika ripoti ya Ives ya 1861, bamba la Egloffstein la Big Cañon, yaani picha yake iliyochapwa, linaonyesha mpasuko mwembamba, kuta zikipanda wima kama minara, giza likiwa limejaa chini. Ni picha yenye nguvu. Mtu akiishika mkononi na kusimama Diamond Creek hataitambua nchi. Pale kuta hupanda kwa ngazi: ukuta, mteremko wa kifusi, ukuta mwingine, na anga ni pana. Linganisha na panorama ambazo William Henry Holmes alizichora kwa ajili ya kazi ya Clarence Dutton ya mwaka 1882, ambamo kila tabaka la mwamba linaweza kufuatwa kwa kidole kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine.

Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba Egloffstein alilelewa katika uchoraji wa Kijerumani uliopenda magenge na vivuli. Sikatai, lakini haijibu swali: mkono uleule miaka minne nyuma ulichora Nevada kwa utulivu kabisa. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama. Juu ya kilele una upeo, una vilele 20 vya kupima, na kila kimoja kinamzuia mwenzake asihame. Ndani ya korongo hakuna upeo. Mstari wa kutazama unakatwa na kona ya kwanza ya mto, mita mia chache mbele. Hakuna kituo cha pili cha kupimia, kwa sababu ukisogea ukuta uliokuwa unautazama umefichwa na mwingine. Kinachobaki ni shingo iliyoinuliwa juu, na shingo iliyoinuliwa hukuza wima na kusahau upana. Namba za kumrudisha kwenye kiasi hazikuwapo, naye akachora shinikizo la mahali badala ya umbo lake.

Newberry, aliyesimama palepale, alikuwa na kitu cha kuhesabu: matabaka. Akayaorodhesha moja juu ya jingine, akahitimisha kwamba mabonde yale yalichimbwa na maji. Mahali ni palepale na siku ni zilezile, ila mmoja alikuwa na kipimo na mwingine hakuwa nacho.

Ramani

Halafu mtu yuleyule akarudi mezani, akachora ramani mbili za ripoti ile, na hizo ndizo kilele cha kazi yake.

Njia ya kawaida ya kuonyesha milima ilikuwa vistari vya mteremko, utaratibu uliowekewa kanuni na Johann Georg Lehmann, afisa wa Saxony, mwaka 1799. Kila kistari hufuata upande ambao maji yangeteremkia, na mteremko ukizidi vistari vinazidi unene. Tambarare hubaki nyeupe. Kwa milima ya Ulaya njia hii inafanya kazi. Kwa nchi ya Colorado inaharibika, kwa sababu pale kilicho juu ni tambarare na kilicho chini ni tambarare, na kati yake kuna ukuta. Unapata utepe mweusi wa vistari kati ya weupe na weupe, na jicho haliwezi kujua upande upi uko juu. Korongo na mgongo wa mlima vinatoka sawasawa.

Kuna kasoro ya ndani zaidi. Ukitaka kuonyesha mwanga ukitoka upande mmoja, mteremko unaoelekea mwanga lazima uwe mweupe kuliko tambarare. Lakini tambarare tayari ni nyeupe ya karatasi, na hakuna nyeupe kuliko hiyo. Unabaki na rangi mbili za kusimulia hali tatu.

Egloffstein alianzia hapo. Aliifunika tambarare kwa mistari sambamba myembamba sana, ambayo jicho huisoma kama kijivu hafifu. Sasa akawa na ngazi tatu: tambarare ya kijivu, mteremko wa mwangani mweupe kuliko kijivu hicho, na mteremko wa kivulini mweusi kuliko hicho. Nchi ikainuka. Mtu ambaye hajawahi kufundishwa kusoma ramani anaona uwanda uliokatwa na makorongo, kana kwamba anautazama kutoka angani.

Ili vivuli vikae mahali pake hakutegemea kukisia. Aliifinyanga nchi kwa plasta, akaipiga picha chini ya mwanga wa upande mmoja, na picha ikawa mwongozo wa kuchora. Plasta ina shida zake. Ramani Na. 1 ina kipimo cha 1:380,160, yaani inchi moja kwa maili 6, Ramani Na. 2 ni nusu ya hapo, inchi moja kwa maili 12. Kwa kipimo hicho cha pili, korongo lenye kina cha mita 1,500 linapata kina cha milimita 2 tu kwenye mfano. Kivuli cha milimita 2 hakionekani, hivyo ni lazima wima ikuzwe. Ukiikuza mno, vivuli vya ukuta mmoja vinafunika sakafu ya korongo na ukuta wa pili. Ni mvutano uleule uliomshinda kwenye picha ya Big Cañon, ila safari hii upana umeshafungwa na vipimo: mchoro wa chini unatoka kwenye dira na nyota, na plasta haiwezi kuusogeza. Anachoweza kukuza ni kimo peke yake, kwa kiasi kimoja, kwa nchi nzima.

Mistari ilipigwa na Samuel Sartain, mchongaji wa Philadelphia, na jina lake limewekwa kwenye ramani pembeni ya jina la Egloffstein, kama inavyostahili. Mashine ya kupiga mistari husogeza ncha kali kwa hatua zilizo sawa juu ya bamba. Hatua moja ikipishana kidogo tu, doa refu linatokea katikati ya jangwa, na jicho litalisoma kama genge ambalo halipo.

Ramani hizi zina mipaka yake. Msafara haukuufuata Mto Colorado ndani ya Grand Canyon. John Wesley Powell ndiye aliyeupita kwa mashua mwaka 1869. Ives mwenyewe aliandika kwamba nchi ile haina faida na kwamba hakuna wazungu wengine watakaoitembelea. Mchora ramani wake alikuwa ameitazama kwa makini zaidi.

Vita, kisha kioo

Ripoti ilipotoka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaanza. Ives akajiunga na upande wa Kusini, akawa msaidizi wa Jefferson Davis, waziri yuleyule wa zamani ambaye sasa alikuwa rais wa waasi. Egloffstein alikwenda upande wa pili: akawa kanali wa kikosi cha 103 cha askari wa miguu wa New York, chenye Wajerumani wengi, akajeruhiwa North Carolina mwaka 1862. Baadaye alipewa cheo cha heshima cha brigedia jenerali. Mwaka 1864 alikuwa ameshahariri kitabu kuhusu jiolojia na jiografia ya Mexico, chenye ramani ya maeneo ya migodi.

Lakini tangu 1861 yeye na Sartain walikuwa wakijaribu jambo lililotoka moja kwa moja kwenye zile ramani. Mashine ya uchapaji haina kijivu. Ina wino au haina wino. Kama mistari ya Sartain inaweza kudanganya jicho lione kijivu cha jangwa, kwa nini isifanye hivyo kwa picha yoyote ya kamera? Chukua kioo, kipake utando usiopitisha mwanga, kwaruza mistari myembamba iliyo sawa. Weka kioo hicho kati ya picha na bamba lililopakwa dawa inayoathiriwa na mwanga. Mwanga ukipita, picha inafika kwenye bamba ikiwa imeshakatwakatwa kuwa mistari, minene kwenye kivuli na myembamba kwenye mwanga. Bamba likitiwa asidi, mistari hiyo inachimbika na kushika wino. Uchongaji wa mkono unaondoka kwenye mnyororo, na pamoja nao yale makosa ya mtu anayechora anachokihisi.

William Henry Fox Talbot, Uingereza, alikuwa ameshatumia kitambaa chepesi cha shashi kwa wazo kama hilo mwaka 1852. Kioo chenye mistari kilichotumika pamoja na kamera ni cha Egloffstein, na hataza yake ya Marekani ni ya Novemba 1865. Akaanzisha kampuni New York ya kuchapa kwa njia hiyo.

Kibiashara haikusimama, na sababu zake ni za kiufundi. Mistari yake ilikuwa myembamba mno, na kadiri mstari unavyokuwa mwembamba ndivyo asidi inavyoula haraka pembeni, hivyo kivuli kikali kinageuka kuwa doa moja jeusi. Pia bamba lake lilikuwa la chuma kilichochimbwa, ambamo wino unakaa ndani ya mashimo na karatasi hukandamizwa ili iufuate. Herufi za gazeti ni kinyume chake, wino unakaa juu ya uso ulioinuka. Vitu hivyo viwili haviwezi kupita kwenye mashine moja kwa pamoja, kwa hiyo picha ilibaki ukurasa wa peke yake, wa bei ghali, mbele ya wateja waliokuwa wakiweza kumlipa mchongaji wa mbao.

Alirudi Ujerumani, akafariki mwaka 1885. Katika miaka hiyohiyo ya 1880 Georg Meisenbach, Munich, na Frederic Ives, Mmarekani asiye na uhusiano na yule luteni, walifanya picha za mistari na vidoti zichapwe pamoja na herufi. Na katika miaka ya 1890 ndugu Max na Louis Levy walitengeneza kioo cha mistari iliyokatana, kilichochorwa, kikatiwa asidi na kujazwa rangi nyeusi, ambacho viwanda vya uchapaji vilikitumia kwa miongo mingi. Kiwanda chao kilikuwa Philadelphia.